Umbopa wa Kitabuni na Umbopa wa Senema

Tulipokuwa wadogo katika mtaa wa Biryogo, mjini Kigali, kitabu kilichothaminiwa kuliko vyote nyumbani kwetu hakikuwa na jalada. Baba yetu mdogo, aliyekuwa utingo wa lori lililokwenda Bukoba na kurudi, ndiye aliyekileta, kimefungwa kwa kipande cha kanga pamoja na samaki wakavu. Kurasa za kwanza zilikuwa zimeliwa na mchwa, hata ikapita miaka mingi kabla hatujajua kwamba kilikuwa kimetungwa na Mwingereza aitwaye Rider Haggard mwaka 1885, na kwamba aliyekitia katika Kiswahili, mwaka 1929, alikuwa Frederick Johnson, yule yule aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha. Kwetu sisi kilikuwa *Mashimo ya Mfalme Sulemani* basi, na mwenyewe alikuwa baba mdogo, aliyekisoma kwa sauti barazani baada ya sala ya isha, huku akiruka maneno asiyoyajua na kuyajaza ya kwake.

Twataja haya ili ndugu zetu walimu wajue kwamba hatuandiki kwa baridi. Kiswahili tulichofundishwa na kitabu kile ni kingi kuliko kile tulichofundishwa na mwalimu yeyote, Mungu awarehemu waliokwisha kufa miongoni mwao. Ndiyo maana, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na sisi tukapewa darasa la vijana wa miaka kumi na mitatu hivi wasiokuwa na hamu nacho hata kidogo, hatukwenda mbali kutafuta kitabu. Tulikuwa na nakala moja tu. Tukawa twasoma mbele ya darasa, sura moja kila Ijumaa, kama alivyokuwa akifanya baba mdogo, ila sisi hatukuruka maneno.

Mambo yaliwaingia. Walicheka hata machozi yakawatoka pale Kapteni Good alipokutwa na Wakukuana akiwa amenyoa upande mmoja tu wa uso, miguu yake myeupe iko wazi, kioo kimoja kimekazwa jichoni, na meno ya bandia yakiingia na kutoka mdomoni, hata wenyeji wakamdhania kuwa si binadamu. Tulipofika mahali mtumishi Umbopa anapofungua nguo yake na kuonyesha chale ya nyoka iliyomzunguka kiuno, na kujulikana kuwa ndiye Ignosi, mfalme wa haki aliyekimbizwa na mama yake akiwa mtoto mdogo, kijana mmoja wa kiti cha nyuma alisimama bila ya kujijua. Katika nchi yetu watoto wengi wamelelewa na wazee waliozaliwa au kukulia ugenini, wakarudi. Hatukuhitaji kuwafafanulia neno lolote katika sura ile.

Tuliwaambia wachore picha. Kila mmoja alichora Umbopa wake. Mmoja alimpa sura ya babu yake, mwingine akamvika koti la askari, na binti mmoja alimchora kwa nyuma, akitembea, kwa kuwa, kama alivyotuambia, uso wa mfalme hauchorwi hovyo. Tukazibandika picha zote ukutani.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulikuwa tumeahidi kwamba darasa likisoma vizuri litaonyeshwa senema ya hadithi ile, na rafiki mmoja akatupatia diski yake. Ilikuwa ile iliyotengenezwa na Wamarekani mwaka 1950, ambayo Stewart Granger ni Quatermain na Deborah Kerr ni bibi mmoja wa Kiingereza. Sisi wenyewe tuliwahi kuiona zamani, tukakumbuka rangi zake na wanyama wake, na zaidi ya yote tulikumbuka kwamba sehemu yake ilipigwa hapa hapa Rwanda, na sehemu nyingine Uganda, Kenya, Tanganyika na Kongo. Tulifikiri watoto watafurahi kuiona nchi yao. Hatukuitazama upya kabla ya kuwaonyesha. Mwalimu anayefanya hivyo hana udhuru, nasi hatuna.

Kosa la kwanza lilijitokeza mapema. Orodha ya waigizaji ilipoonyeshwa, wazungu walitajwa kwa majina yao kamili, kama ilivyo desturi. Lakini aliyekuwa Umbopa aliandikwa kwa jina moja tu, Siriaque, na baada yake yakafuata maneno ya kueleza kabila lake. Na wenzake Waafrika vivyo hivyo. Wasomaji wa nchi nyingine huenda wakaliona jambo hili kuwa dogo. Katika chumba cha darasa nchini Rwanda, baada ya yale yaliyotupata mwaka 1994, si dogo. Watoto wetu wamefundishwa kutoulizana neno lile, na sasa lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa zenye mwanga, nasi ndio tuliowasha mashine. Chumba kikanyamaza. Kijana mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, “Mwalimu, huyu Siriaque hakuwa na jina la pili?” Tukajibu kwamba bila shaka alikuwa nalo, ila hawakuliandika. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha, na yeye alijua halikutosha.

Kisha kukaja tembo. Katika senema ile tembo anapigwa risasi mbele ya macho ya mtazamaji, na si tembo wa mchezo. Binti aliyemchora mfalme kwa nyuma alijifunika uso kwa sweta lake, akabaki hivyo kwa muda. Mtu anaweza kutuambia: mbona kitabuni tembo wanauawa wengi, na tena yule kijana Khiva anakamatwa na tembo na kupasuliwa vipande viwili? Ni kweli, na sura hiyo tuliisoma wala hakuna aliyejifunika. Tumelifikiri jambo hili siku nyingi. Yamkini sababu yake ni hii, kwamba anaposikia maneno, mtoto humwaga damu kwa kiasi anachoweza kukibeba mwenyewe. Mwenye moyo mwepesi humwaga tone, na mwenye moyo mgumu humwaga ndoo. Picha haimpi kipimo. Wote hupewa ndoo moja, na hupewa kwa wakati mmoja.

Mengine yalikuwa ya kuvunja moyo tu. Kitabuni Bwana Henry Curtis anamtafuta ndugu yake, naye humkuta hai mwishoni. Katika senema, bibi Curtis anamtafuta mumewe, na mume anapatikana akiwa mifupa, kwa kuwa bibi ni lazima apendane na Quatermain na mume aliye hai angekuwa kikwazo. Darasa letu lililazimika kungoja muda mrefu wakati wawili hao wakigombana ili baadaye wapatane. Good wa senema ni kaka wa yule bibi, mtu mzima mwenye heshima zake, hana kioo cha jicho wala meno ya kuvuliwa. Watoto walikuwa wakiyangoja meno. Kila Good alipofungua kinywa walisogea mbele, kisha wakarudi nyuma. Wala hapakuwa na kupatwa kwa mwezi, ambako kitabuni ndiko kunakowaokoa mashujaa mbele ya mfalme Twala.

Hatusemi kwamba mtengeneza senema hana ruhusa ya kubadili. Haggard mwenyewe katika chapa ya kwanza aliandika kupatwa kwa jua, kisha akaibadili habari hiyo kuwa ya mwezi, wala hadithi haikudhurika. Baba mdogo naye alibadili mengi. Na hapana budi tuseme haki: kuna jambo moja ambalo senema ile imelifanya vizuri kuliko kitabu. Kwa Haggard, anayemkata kichwa Twala ni Bwana Henry, mgeni kutoka Uingereza. Ignosi anarudishiwa ufalme wake kwa mkono wa mtu mwingine. Katika senema, Umbopa na Twala wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na wazungu wanasimama kando wakitazama. Darasa lilishangilia, nasi tulishangilia. Walishangilia pia walipowaona wacheza ngoma wa intore, warefu, manyoya ya katani yakiruka vichwani mwao, na kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba hatua ile wanaijua na kwamba hata sasa inachezwa vivyo hivyo. Kwa dakika chache hizo senema ilikuwa yao.

Lakini Umbopa mwenyewe alikuwa amepotea. Yule wa kitabuni ni msemaji. Hujibizana na Bwana Henry kama mtu na mwenzake, hata Quatermain huona kama anavuka mipaka, na ana maneno juu ya maisha na mauti ambayo baba mdogo alikuwa akiyasoma mara mbili. Yule wa senema anatembea, anasimama, ni mrefu na mzuri wa kutazama, na hasemi mengi. Wamempata mtu wa kweli mwenye umbo la mfalme, kisha wamemnyang'anya ulimi.

Afadhali hiyo kuliko nyingine, hata hivyo. Ile ya mwaka 1937 ilimpa nafasi hiyo Paul Robeson, mwimbaji mkubwa, nayo ikamwimbisha. Na ile ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, ina mahali ambapo wenyeji wanawatia wageni katika chungu kikubwa mno ili wapikwe pamoja na mboga. Jambo ambalo Haggard, pamoja na dhana zote za wakati wake alizokuwa nazo, na alikuwa nazo nyingi, hakuliandika kamwe. Haggard alikufa mwaka 1925, hakuona lolote kati ya hayo. Wengine waliishi wakaona. P. L. Travers, aliyetunga *Mary Poppins*, alitoka machozi katika onyesho la kwanza la senema yake mwaka 1964, na Mjerumani Michael Ende aliichukia ile ya mwaka 1984 iliyotokana na kitabu chake hata akataka jina lake liondolewe. Zamani tulidhani ni kiburi cha watunzi. Tangu siku ile ya tembo hatudhani hivyo tena.

Ijumaa iliyofuata tuliwaambia watoto wamchore Umbopa kwa mara ya pili. Hatukuwaambia sababu. Karibu wote walichora mtu yule yule: mrefu, mwembamba, amesimama kando ya mzungu mwenye kofia. Aliyempa sura ya babu yake alikuwa ameiacha. Tulipomuuliza alisema, kama mtu anayesahihisha hesabu, kwamba ile ya kwanza alikuwa ameikosea, kwa kuwa alikuwa bado hajamwona.

Mmoja tu alichora vingine. Siku ya senema alikuwa kalala nyumbani na malaria. Umbopa wake alikuwa bado na koti la askari, na safari hii alikuwa amemwongezea viatu. Wenzake walimcheka, kisha saa ya mapumziko tukawaona wamemzunguka chini ya mwembe. Alikuwa akiwasimulia habari ya meno ya Good, akiyavua na kuyarudisha kwa vidole, nao walikuwa wakicheka kama walivyocheka mwanzo.

Sura tatu zilikuwa zimebaki. Tulizisoma Ijumaa tatu zilizofuata, lakini tulikuwa twasoma mbele ya watu wanaojua mwisho, tena mwisho usio wenyewe. Tulipofika pale ndugu wa Bwana Henry anapokutwa hai, binti mmoja alituuliza ni ipi iliyo kweli. Tulimwambia ya kitabu ndiyo iliyotangulia. Akaandika hivyo katika daftari lake.

Mwaka huu tuna darasa jingine, na kitabu ni kile kile, sasa kina jalada la karatasi ya kaki tuliyoishona wenyewe. Tumefika jangwani, maji yamekwisha. Jana mmoja wao alituuliza kama ni kweli kwamba hadithi hii ina senema, maana kaka yake aliionyeshwa. Tulimwambia ipo. Akauliza tutaionyesha lini, nasi tukamwambia kwanza wavuke jangwa.