Sí Señor, Ndio Mzee

Hivi umewahi kuusikia Sí Señor wa Control Machete? Ni jamaa wa hip hop kutoka Monterrey, Mexico, na waliutoa mwaka 1999. Kihispania changu kinaishia kwenye jina hilo tu: "ndiyo, bwana". Rafiki niliyesoma naye chuo alinirushia, na nilipojua maana nikacheka peke yangu. Kumbe Bongo nasi tuna wa kwetu!

Mwaka 2001 Professor Jay, yaani Joseph Haule, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Humo ndimo ulimo Ndio Mzee. Mimi hata shule sijaanza, lakini nimekua nao. Mgombea yuko jukwaani anamwaga ahadi ambazo hata malaika hawezi kuzitimiza, umati unaitikia tu. Wengi walimcheka mgombea. Mimi siku zote niliona anayechekwa zaidi ni anayeitikia.

Mpaka nilipotumwa Didia kuripoti kampeni za 2025.

Mnaijua hiyo kanda. Almasi ya Mwadui inachimbwa tangu 1940. Bulyanhulu ilianza kutoa dhahabu 2001, mwaka uleule wa Ndio Mzee. Na bado jukwaani ahadi ni zilezile: barabara, zahanati, ajira kwa vijana. Mzee mmoja aliyesimama karibu yangu alikuwa akiitikia kila ahadi kwa sauti kubwa. Nikamuuliza, "Babu, unayaamini haya?"

Akanitazama kama mtoto. "Mjukuu wangu, kuitikia ni bure. Tukimnunia, hata kile kidogo atapeleka kwingine."

Nikakosa la kusema. Babu hakudanganywa, alikuwa anapiga hesabu. Na si kila ahadi ni hewa: maji ya Ziwa Victoria yalikuja kweli, mradi wa Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009. Ni nani anayeweza kumwambia ahadi ipi aiitikie na ipi anyamaze?

Hata Professor Jay mwenyewe alikuja kupanda jukwaani kuomba kura. Wananchi wa Mikumi walimpa ubunge mwaka 2015 kupitia Chadema, akaukosa mwaka 2020. Sijui siku zile alipokuwa akiitikiwa, masikio yake yalikuwa yanasikia nini.

Niliporudi niliandika habari yangu nikaweka aya moja: yapi kati ya haya yaliahidiwa pia 2020, na yamefikia wapi. Habari ilitoka ukurasa mzuri, kichwa kikubwa cha "neema" kwa wananchi. Ile aya haikuwemo. Nafasi ilikuwa ndogo, nikaambiwa.

Babu alisema ndiyo akijua sababu yake. Sisi wenye kalamu je, tunasema ndiyo kwa sababu gani? Daftari langu la Didia nimeliandika tarehe juu na kulifungia kabatini. 2030 si mbali.

Tafakari!