Ukurasa wa Hasara

Mpwa wangu mpendwa,

  Ujumbe wako kutoka Bukavu umefika na mjomba wako ameusoma kwa makini. Kozi ya ujasiriamali imekuelemea. Mpango wako wa biashara ya maharage huku Goma umerudishwa tena, na pembeni mwa ukurasa mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Mpaka ukifungwa je?" Wanafunzi wa kozi nyingine wanafanya mtihani na kwenda zao, lakini ninyi mnatumwa sokoni kuwahoji wateja, mnaandika hesabu za kila siku, kisha mnasimama mbele ya jopo na kubanwa kwa maswali. Unafikiria kuiacha.

Usiiache. Sababu ziko mtaani hapa hapa, na mjomba wako ataziandika jinsi zilivyo.

Mtaa wetu wa Birere, hapa Goma, umejengwa kwa mbao juu ya mawe ya volkano. Nyumba zimebanana kiasi kwamba moto ukianza kwenye jiko moja, gari la zimamoto halina pa kupita. Mpaka wa Rwanda uko umbali wa kutembea kwa miguu. Kabla ya 2020, geti dogo ambalo Goma nzima huliita Petite Barrière lilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao akina mama wenye beseni kichwani: nyanya, karoti, kabichi, mboga za kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda. Mtaji wa mama wa namna hiyo ni makumi ya dola tu, na anauzungusha kila siku. Analala nao, anaamka nao.

Machi 2020 corona ikalifunga geti hilo. Mizigo ya malori iliendelea kupita, ila mama mwenye beseni alizuiwa. Waliokuwa na mtaji mdogo waliula ndani ya wiki chache, maana watoto hawangojei mpaka ufunguliwe. Wengine wakajikusanya vikundi, wakachanga, wakaagiza mzigo mmoja kwa jina moja na kuugawana ulipofika upande huu. Kikundi cha namna hiyo hakiendi bila maandishi: nani ametoa ngapi, nani anadai mafungu mangapi, nani amelipia usafiri. Mama aliyekuwa amezoea kuandika alijikuta anatafutwa na wenzake. Kwa hiyo swali la mwalimu wako lina historia. Liliwahi kuulizwa hapa bila wino, na wengi hawakuwa na jibu.

Hilo ni tukio moja tu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, uji wa moto ukashuka hadi Ziwa Kivu ukilikata jiji katikati, ukafunika sehemu kubwa ya maduka ya mjini na kipande cha uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila makazi. Walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache walikuwa wanarudi kwa miguu juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto, wakatandaza bidhaa walizoweza kuokoa. Mei 22, 2021 mlima ukapasuka tena, na siku chache baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya jiji ihame. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na pesa iliyokuwa kwenye akaunti ikawa namba tu kwenye simu. Wenye haraka walivuka kwenda Gisenyi kutafuta benki, au walitoa pesa kwa mawakala wa simu wakikatwa kamisheni nono. Wewe kwenye mpango wako umeandika, "Akiba itawekwa benki." Mwalimu yeyote anayeujua mji huu angeupigia mstari mwekundu.

Yupo profesa mmoja Mmarekani mwenye asili ya India, Saras Sarasvathy, aliyekaa na wajasiriamali 27 wenye uzoefu mkubwa, watu waliokuwa wameanzisha kampuni na kuzikuza. Aliwapa wote kazi ileile ya kubuni biashara kuanzia bidhaa moja, akawaomba wafikiri kwa sauti huku yeye akirekodi. Makala yake ya mwaka 2001 ikawa somo katika vyuo vingi duniani. Aligundua kwamba wengi wa watu hao hawakuanza na hesabu ya faida watakayopata. Walianza na walichonacho mkononi, na watu wanaowajua, kisha wakajiuliza: nikipoteza, naweza kupoteza kiasi gani nikabaki nimesimama? Mama wa Birere huliishi swali hilo kila asubuhi. Tofauti ni kwamba yeye hulijibu akiwa ameshapoteza, wakati kozi yako inakulazimisha ulijibu ukiwa bado una kitu. Uvumilivu anaokuombea mjomba wako ni huo: kukaa na swali gumu hadi lipate tarakimu.

Chukua gunia la maharage. Takwimu hizi ni za mfano, lakini hesabu yenyewe hutokea kila wiki. Mama ananunua gunia kwenye depo kwa dola 80. Siku hiyo dola moja ni franka 2,800, kwa hiyo gunia limemgharimu franka 224,000. Anauza kwa kopo, siku sita, anakusanya franka 240,000. Mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, alichukua 3,000 kulileta gunia hadi kwenye meza. Tiketi ya soko ni 500 kwa siku, jumla 3,000. Mkononi zimebaki 234,000. Kwa macho yake amepata faida ya 10,000, ananunua sukari na sabuni na moyo umetulia. Anarudi depo. Gunia bado ni dola 80, ila wiki hiyo dola imepanda hadi 2,950. Gunia sasa ni franka 236,000. Hata kama hakugusa faida hata franka moja, amepungukiwa 2,000 kununua gunia lilelile.

Mama huyo hakufanya uvivu wala hakuibiwa. Amefanya kazi siku sita na biashara yake imesinyaa, na kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa, ataamini wateja wamepungua au jirani amemwonea jicho baya. Akiandika kila jioni mistari mitatu tu, aliyopokea, aliyotoa na bei ya dola siku hiyo, ataliona tatizo kabla gunia halijaisha, atapandisha bei ya kopo kidogo au atageuza franka kuwa dola kila jioni kwa mvunja pesa badala ya kungoja Jumamosi. Hesabu za kila siku ambazo unaziona kama adhabu ni mistari hiyo mitatu.

Na hata sheria inakutaka uandike. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya biashara ya OHADA inamtambua mfanyabiashara mdogo anayejitegemea, mwenye mauzo yasiyovuka kiwango fulani. Anajitangaza kwenye rejista ya biashara bila kupitia safari ndefu ya kampuni kubwa. Wajibu mmojawapo anaopewa ni kutunza daftari la mapato na matumizi siku kwa siku. Wengi hapa mtaani wanaijua patanti, leseni ya biashara ndogo, tu kwa sababu mtoza kodi huipitia. Hilo la daftari hawajawahi kuambiwa na mtu. Wewe unafundishwa bila nyongeza, ndani ya ada ambayo mama yako amekwisha kulipa.

Lakini daftari peke yake halitoshi, na hapa mjomba wako yuko upande wa mwalimu hata kwa lile linalokuudhi zaidi, yaani kutumwa sokoni kuwahoji watu wasiokutaka. Mjini Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikufundishwa chochote. La pili lilipewa mafunzo ya kawaida ya hesabu, masoko na usimamizi. La tatu lilifundishwa jambo jingine: kuanza bila kusukumwa, kutafuta fursa ambayo jirani hajaiona, kupanga mapema la kufanya kikwazo kitakapotokea, na kuendelea baada ya kukataliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Faida ya kundi la tatu iliongezeka kwa asilimia 30 ikilinganishwa na ya wale ambao hawakufundishwa. Kundi la hesabu liliongeza asilimia 11, kiwango kidogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kukitenganisha na bahati tu. Mkufunzi aliwafuata wanafunzi dukani baada ya darasa, akaona kama wanafanya walichoambiwa. Kwa hiyo mteja anayekukatiza maneno na kukugeuzia mgongo ni sehemu ya mafunzo. Muulize wa pili kwa namna nyingine. Mwanzo wa swali lako ubadilike: usimuulize kama angenunua kwako, muulize wiki iliyopita alinunua wapi, kopo ngapi, na kwa nini kwa yule.

Karibu na hapa kuna mfano wa muda ambao mambo haya huchukua. Minova, kando ya ziwa, kwenye njia ya kwenda huko uliko Bukavu, wakulima wa kahawa walikuwa wamebaki bila mnunuzi wa kuaminika kwa sababu ya vita. Wengi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wako waliozama. Mwaka 2003 Joachim Munganga akaanzisha ushirika wa SOPACDI. Walikarabati mtambo wa kuoshea kahawa, wakajifunza kuchagua buni nyekundu na kutupa zile mbichi, wakaandika majina ya wakulima na mashamba yao. Cheti cha Fairtrade kilipatikana mwaka 2011, wakiwa ushirika wa kwanza wa kahawa nchini kukipata. Hiyo ni miaka minane. Fikiria mara ngapi ndani ya miaka hiyo fomu zilirudishwa, mkaguzi alitaka karatasi nyingine, au mvua iliharibu kahawa iliyoanikwa. Kozi yako ni ya mwaka mmoja.

Sasa kuhusu mpango wenyewe. Acha kurasa za mwanzo kama zilivyo, ni nzuri. Ongeza ukurasa mmoja baada ya ule wa faida na uuite ukurasa wa hasara. Mpaka ukifungwa wiki mbili, maharage utayapata wapi: Masisi, Rutshuru, au utageukia sambaza, samaki wadogo wa ziwani? Barabara ya huko nayo ikifungwa? Banda likiungua, ni mali ya franka ngapi itakuwa ndani, na nyingine umeiweka kwa nani? Benki zikifunga, akiba iko kwenye likelemba gani, yaani kikundi gani cha kuchangiana kwa zamu, na zamu yako ni ya mwezi upi? Kwa kila swali weka kiasi, siku na mtu. Pale ambapo huna jibu, andika kiasi ambacho uko tayari kupoteza, kisha sema biashara ingesimama wapi baada ya hapo. Jopo likikuuliza, usijitetee. Onyesha ukurasa huo na uwaache wasome.

Na kama uchovu wenyewe ni wa mwili, kwa kusoma usiku bila umeme, hilo ni jambo tofauti na lisichanganywe na ugumu wa kozi. Mama yako anatuma taa ya sola.

Mwenye depo amekubali kumwazima mjomba wako daftari lake la bei za gunia za mwaka uliopita, pamoja na bei ya dola pembeni. Litaletwa na mtu wa boti Jumamosi. Ulinakili lote kabla ya Jumatano na kulirudisha kwa mtu huyohuyo, kwa sababu hana jingine.

Mjomba wako,
Birere, Goma