Macho ya Dema

Mtu akiniuliza nasoma nini nikamjibu fizikia, hunyamaza kwa heshima. Akiendelea kuuliza fizikia ya nini, nikasema ya sumaku, heshima inaisha hapo hapo. Sumaku? Ile ya spika ya redio mbovu, tuliyokuwa tukiiburuza mchangani utotoni ikatoka na ndevu nyeusi? Naam, hiyo hiyo. Na hiyo hiyo, ndugu msomaji, mpaka leo inawatoa watu jasho.

Kuna jambo sekondari hawakutuambia, nami naona ni dhuluma. Mwaka 1911 Niels Bohr, kijana wa Denmark, aliliandika katika tasnifu yake ya udaktari. Mwaka 1919 mwanamke wa Kiholanzi, Hendrika van Leeuwen, akalifikia kwa hesabu zake mwenyewe. Kwa kanuni za zamani za fizikia, sumaku haiwezi kuwepo. Jumlisha mizunguko yote ya chembe za umeme ndani ya chuma kilichotulia, jibu ni sifuri. Lakini sumaku ipo, imenata kwenye mlango wa friji! Basi kile kipande ni ushahidi wa ulimwengu wa kwantamu, umekaa jikoni, na watu wanaubania risiti za umeme.

Mwaka 1928 Heisenberg alionesha kinachozishika. Kila elektroni ina spini, yaani kijisumaku chake. Elektroni za jirani hazitofautishiki, wala haziwezi kukaa mahali pamoja kwa hali moja, na kwa sababu hiyo nguvu ya umeme baina yao huzifanya zipende ama kuelekea upande mmoja, ama kupingana. Zikielekea upande mmoja unapata sumaku tunayoijua. Zikipingana, moja juu moja chini, kwa nje huoni kitu. Louis Néel wa Ufaransa, aliyepata Nobeli mwaka 1970 kwa kazi ya hizi zinazopingana, alisema katika mhadhara wake wa tuzo kwamba zinavutia sana kinadharia ila hazielekei kuwa na matumizi. Baadaye zikaingia kwenye vichwa vya kusomea diski za kompyuta. Mie hadithi hii siipendi, japo ni kweli. Husimuliwa kuwatuliza wazazi, kana kwamba kitu hakina haki ya kujulikana mpaka kiuzwe.

Nami wazazi ninao. Mama ana barua mkobani mwake, ya ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Kazi ipo, mshahara upo, wadogo zangu wawili wanataka ada. Kila nikirudi Pemba barua inatolewa, inakunjuliwa, inarudishwa mkobani.

Mjomba hana barua. Ana madema. Alasiri moja nilimkuta barazani anasuka, nikamwamkia, nikakaa kumtazama kama nilivyomtazama tangu mtoto. Fito zinakwenda pande tatu, zinapishana mbili mbili, na kati ya pembetatu ndogo linabaki jicho la pembe sita. Nikashtuka. Wajapani wana vikapu vya mianzi vya msuko huu, na macho yake huyaita kagome. Mwaka 1951 Itiro Syôzi aliufanyia hesabu za sumaku, na jina likabaki mpaka leo. Mimi nilikuwa nimelichora daftarini mara mia, wala sikuwahi kuona kwamba nalichora dema.

"Mjomba," nikamwambia, "tuseme kila fito zinapopishana pamekaa mtu. Kila mmoja kaapa hatafanana na jirani yake. Huyu akivaa kofia, yule havai."

"Watu wawili hao, sawa."

"Kwenye pembetatu wako watatu."

Akafikiri. "Wa tatu hana pa kwenda. Avae, asivae, atafanana na mmoja."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mwaka 1973 Philip Anderson alipendekeza kwamba spini zikikwama hivyo huenda zisigande kabisa, hata kwenye baridi kali kuliko zote. Kila moja inashikana na mwenziwe, wawili wawili, na namna zote za kushikana zipo kwa pamoja. Hali hiyo wanaiita kimiminika cha spini.

Na kuna jiwe lenye dema ndani yake! Ni la kijani, linapatikana Chile, na tangu 2004 linaitwa herbertsmithite. Atomu zake za shaba zimepangwa hasa kama msuko wa mjomba. Watafiti wamelitengeneza maabara, wakalipoza mpaka sehemu 5 kwa 100 za nyuzi moja juu ya sifuri halisi, na spini hazikujipanga. Mwaka 2012, baada ya kuotesha fuwele kwa miezi, walilipiga kwa nyutroni. Badala ya mistari mikali, walipata mtawanyiko mpana, kama kwamba spini iliyoguswa imepasuka vipande viwili na kila kimoja kikashika njia yake.

Mjomba akauliza, "Na ufito mmoja ukiwa mbovu?"

Wallahi sikutegemea. Maana ndipo ugomvi ulipo. Baina ya tabaka za msuko hukaa zinki, ila shaba kidogo hujipenyeza mahali pa zinki, na vijisumaku vyake vinachafua vipimo. Wengine wanasema kinachoonekana ni msuko, wengine wanasema ni uchafu. Nilimweleza. Akacheka, akasema dema lenye ufito mbovu nalo huvua, lakini hujui samaki waliotoka ni wangapi.

"Na hao wanaobishana, wanalipwa?"

"Wanalipwa, mjomba. Si wote."

Akachukua ufito mwingine.

Barua ya ofisi nimeijibu juzi, na fomu za shahada ya pili nimezijaza. Mama hajajua bado, na jarida hili huwa halisomi.