Uwanja Ulikuwa Unateleza

Tulifungwa manne kwa sifuri. Tuliseme hilo kwanza, maana Jumamosi ile ya mwezi wa tano tulipopanda gari kurudi seminarini hakuna aliyelitamka. Vijana wa parokia ya jirani walikuwa bado wanaimba nyuma yetu, nasi tulishaanza kutafuta sababu. Kabla gari halijafika barabara ya lami, sababu zilikuwa saba. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na uwanja ulikuwa unateleza (wenzetu sijui walikuwa wanachezea uwanja gani). Mchana tulikula makande, na makande hayamruhusu mtu kukimbia. Mwamuzi ni katekista wa parokia hiyo hiyo. Namba tisa wao ni mamluki, ana ndevu za baba wa familia, na mmoja wetu aliapa kwamba alimsikia mtoto akimwita "baba" pembeni ya uwanja. Mpira ulijazwa upepo kupita kiasi. Jumatatu tulikuwa na mtihani wa Metafizikia, kwa hiyo miili ilikuwa uwanjani na akili ilikuwa kwa Aristotle. Ya saba hatuikumbuki vizuri, ilihusu viatu.

Tulicheka njia nzima. Mtu angetuona angedhani tumeshinda.

Wazee walishatuonya zamani: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini tuwe wakweli, ndugu msomaji, mbaazi hiyo imepandwa nchi nzima. Sisi Watanzania tumeishi na soka linaloumiza kwa muda mrefu kiasi kwamba tumekuwa mafundi wa kujieleza. Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Nigeria mwaka 1980, kisha ikakaa nje miaka 39. Katika kipindi hicho ndipo Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mwenye wembe anakuja kujifunzia kunyoa. Maneno yale yalikuwa machungu, nasi tukayageuza utani. Mpaka leo yanatajwa vijiweni kwa kicheko, na ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye kunyolewa alikuwa anatoka damu.

Tuliporudi kwenye fainali hizo mwaka 2019 kule Misri, tulifungwa michezo yote mitatu. Ule wa Kenya tuliongoza mara mbili, tukalala 3-2. Sababu zake zilijadiliwa mpaka kwenye daladala. Fainali zilizofuata kwetu zilikuwa za Ivory Coast, Januari 2024, na kabla hatujapiga hata mpira mmoja kocha wetu wa wakati huo, Adel Amrouche, alishatamka hadharani kwamba Morocco ina mkono katika kupanga waamuzi na saa za michezo. Morocco wakatufunga 3-0. Shirikisho la soka la Afrika likamfungia kocha michezo minane, na shirikisho letu likamsimamisha. Hatujui ya moyoni mwake, na huenda kuna aliloliona. Tunachokiona ni kwamba maelezo yake yalitangulia kufungwa. Sisi angalau tulisubiri mpaka tupande gari.

Na watani wa jadi je? Yanga walipomfunga Simba 5-1, tarehe 5 Novemba 2023, katika seminari yetu kulikuwa na mafrateri ambao hawakuonekana kwenye chai ya saa nne kwa siku mbili. Wao nao walikuwa na haki ya kujificha, kwa kuwa tangu Mei 2012 walikuwa wamewanyoshea wenzao mkono wenye vidole vitano kila walipokutana nao. Huo ni utani mzuri, nasi tunaupenda. Ni ndugu wa ule utani wa makabila ambao humruhusu mtani kuja msibani, akalala mahali pa marehemu na kudai alipwe ndipo anyanyuke, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Anayekutania namna hiyo amekuja kukaa nawe. Ila Machi 8, 2025, siku ya mchezo wao mkubwa, Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mchezo, Yanga wakaenda uwanjani, na mchezo ukaahirishwa siku hiyo hiyo. Watu waliotoka mikoani kwa nauli zao walirudi na vichekesho vya kusimulia. Vilikuwa vizuri kweli. Nauli hazikurudi.

Hapo ndipo tulipoanza kukitilia shaka kicheko chetu. Mwaka jana, tukiwa katika uchungaji kwenye kigango kimoja, tulikaribishwa kwenye mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa maji. Bomba lilichimbiwa mtaro, mabomba yakalazwa, tangi likajengwa na kupakwa rangi, ila pampu haijafika mwaka wa tatu. Mtaalamu aliyetumwa alieleza kwa utulivu mkubwa. Mchakato unaendelea, tuko mbioni, kuna changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, pampu imeagizwa na iko njiani kwa meli. Bibi mmoja aliyeketi chini ya mwembe aliinua mkono, akasema, "Mwanangu, mwaka juzi ulituambia iko melini. Hiyo meli ndiyo ya Nuhu, inasubiri maji yapungue?"

Mkutano ulilipuka. Watu walishikana mabega. Mtaalamu naye alicheka mpaka akavua miwani, akasema, "Bibi, wewe kiboko," na hapo hapo mwenyekiti akafunga mkutano kwa kuwa watu walikuwa wamefurahi. Tulitoka tukisimuliana maneno ya yule bibi. Jioni tukamkuta akipanda kilima na ndoo kichwani, maji ya kisimani, mekundu kama chai. Tukampokea ndoo. Hakuwa anacheka. Akatuambia kwamba yeye aliuliza swali, na swali halikujibiwa. Sisi tulidhani alifanya mzaha.

Tulilikumbuka hilo siku tulipokuwa tukisoma kitabu cha Kutoka darasani, mahali Haruni anapoulizwa na Musa kuhusu ndama wa dhahabu. Maelezo yake ni kwamba watu walimpa dhahabu, akaitupa motoni, akatoka ndama. Darasa zima lilicheka, na mwalimu wetu padre akacheka pia. Kisha akatuuliza kama tumewahi kuungama namna hiyo. Kwenye kitubio, alisema, dhambi huchukua nusu dakika na maelezo huchukua dakika kumi. Hapo darasa lilitulia kidogo.

Sasa turudi kwenye manne yetu, maana bado hatujasema lililotufanya tuandike.

Sababu ya nane ilipatikana usiku ule wakati wa burudani. Mlinda mlango wetu, frateri wa mwaka wa pili, mpole, alipewa jina jipya. Mwaka huo, 2025, ulikuwa wa Jubilei, kwa hiyo aliitwa Mlango Mtakatifu: uko wazi, mahujaji wote wanapita. Tukubali kwamba jina ni zuri. Aliyelitunga alipigiwa makofi. Mwenyewe alicheka pamoja nasi, akainama kama anayetoa baraka. Asubuhi tukamwita hivyo kwenye foleni ya uji, mchana bustanini, na wiki nzima iliyofuata. Ijumaa aliweka glavu zake kwenye meza ya kiongozi wa michezo akasema goti linamsumbua.

Hatukuwahi kumwona akichechemea.

Kiongozi wa michezo ana daftari. Huandika waliofika mazoezini, kwa kalamu nyekundu, tabia ambayo wengi wetu tuliiona ya kizee. Usiku mmoja alilifungua mbele yetu bila kusema neno. Kabla ya mchezo ule kulikuwa na mazoezi sita. Hakuna hata siku moja ambayo mabeki wote wanne walifika. Mmoja alikuwa na udhuru mara nne: homa, jipu, zamu ya jikoni, na "sababu binafsi". Mlinda mlango alifika mara zote sita, na mara mbili alikuwa peke yake na kiongozi, akipigiwa mipira na mtu mmoja mpaka kengele ya masifu ya jioni. Tulikaa kimya, kisha mmoja akaanza kueleza kuhusu jipu, akaona haya, akaacha.

Siku iliyofuata tulimfuata, wanne sisi mabeki. Tulimkuta anafua nyuma ya bweni. Hatukuwa tumepanga nani aseme, kwa hiyo tulisema ovyo ovyo, kwamba bao la kwanza na la pili na la nne yalikuwa yetu, hatukuwepo mahali petu, na kwamba jina lile hatutalitumia tena. Aliendelea kusugua kola ya shati.

"Na la tatu?" akauliza.

Tukatazamana. "La tatu, frateri, lilikuwa lako."

"La tatu lilikuwa langu," akasema. "Niliuangalia mpira nikadhani unatoka." Akacheka, nasi tukacheka.

"Na goti?"

Alisuuza shati, akalikamua, akalitundika kambani taratibu. "Goti halikuwa na neno," akasema.

Mchezo wa marudiano ni Jumamosi ijayo, uwanjani kwetu. Mazoezi ya juzi tulifika kumi na mmoja, na daftari linaonyesha hivyo. Tumeuliza jikoni: mchana huo ni makande.