Banda Lililokosa Pumzi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mimi niliuficha uchi wangu kwa majuma matano, na kama nisingeufunua ningekuwa hadi leo na banda tupu, na mume asiyejua fedha zake zilikokwenda. Nawasimulia wasomaji wenzangu habari hii, hasa akina mama wa kambini ambao waume zao wako mbali kikazi, ili lililonipata mimi lisiwapate wao.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Kabale. Nilisomea ualimu, nikafundisha miaka michache, kisha nikahamishiwa kazi ya ofisini. Mume wangu ni askari wa jeshi, naye alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda kulinda amani mwaka 2007. Kabla hajaondoka tulikubaliana kwamba kwa sehemu ya akiba yake nijenge banda la plastiki la kupandia nyanya, na faida yake iwe karo ya watoto.

Kabale iko kwenye kimo cha karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi yaweza kushuka hata nyuzi 10, na asubuhi ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande. Nyanya haipendi baridi hiyo. Basi nikajiambia kuwa adui yangu ni baridi, wala sina adui mwingine. Fundi aliyenijengea hakuacha tundu hata moja paani, nami sikumwuliza. Kila upande niliufunga kwa kamba, nikaenda zangu kazini. Jioni nikirudi nilimwagilia maji juu ya majani, kisha nikafunga tena.

Miche ilirefuka upesi, nikafurahi. Ikatoa maua, nikafurahi zaidi. Mara maua yakaanza kudondoka. Kila asubuhi niliyakuta chini, vikonyo vimenyauka, na majani ya chini yameota ukungu wa kijivu. Mume wangu alipiga simu kila Jumapili na kuniuliza, "Mama Asiimwe, nyanya zetu zinaendeleaje?" Nami nilimjibu, "Hazijambo, Baba Asiimwe." Simu ikikatika, chakula hakikupita kooni.

Adhuhuri moja wakati wa likizo ya shule, Asiimwe aliingia bandani, akatoka mbio akisema, "Mama, humo ndani ni kama ndani ya sufuria!" Neno la mtoto liliuamsha ualimu wangu. Nilinunua kipimajoto, nikakitundika mahali penye kivuli, sawa na kimo cha maua. Alfajiri nilisoma mwenyewe, mchana akanisomea Asiimwe, na yote tukayaandika daftarini kama mwalimu aitavyo majina darasani. Alfajiri nyuzi 12. Saa saba mchana nyuzi 41. Kumbe nilikuwa nikiikinga mimea na baridi ya usiku, huku nikiipika mchana.

Nilipompelekea bwana shamba daftari lile, alinifafanulia. Nyanya hustawi mchana katika joto la nyuzi 21 hadi 27. Joto likipita nyuzi 32 na kuendelea kupanda siku baada ya siku, chavua hudhoofika, na ua lisiloshika tunda huanguka. Isitoshe, mvuke usio na pa kutokea hugeuka matone juu ya majani usiku, na hapo ukungu hupata makao.

Jumapili iliyofuata nilimweleza mume wangu kweli yote. Alinyamaza kitambo, nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema. Huku hema likifungwa pande zote mchana, hapakaliki. Asubuhi tunazikunja pande zake hewa ipite, usiku tunazishusha. Nawe fanya vivyo hivyo."

Ndivyo nilivyofanya. Fundi mwingine alifungua mwanya mrefu karibu na kilele cha paa, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu. Pande mbili zikawa za kukunjwa, na pale zinapokunjwa tukatandaza wavu mwembamba wa kuzuia wadudu. Kwa vile saa tatu asubuhi niko kazini, nilikubaliana na jirani yangu, mke wa polisi, afungue saa hiyo na kufunga saa kumi na moja jioni, naye apate sehemu yake ya mavuno. Maji sasa humwagwa asubuhi, shinani, si majanini. Na kwa kuwa bandani hakuna upepo wa kutosha, kila siku maua yakiwa wazi tunazitikisa taratibu kamba zinazoshika mimea, chavua idondoke.

Mmea wa kwanza haukufufuka. Hasara ile tuliimeza. Wa pili ulizaa, na karo ya muhula mmoja ikalipwa. Si utajiri, bali ni mwanzo.

Mwenye shamba la wazi asidhani habari hii haimhusu. Yeye hana paa la kufungua, lakini hali ya hewa ya shamba lake yaweza kutunzwa. Matandazo ya nyasi hupoza udongo na kuhifadhi unyevu. Ua wa miti hupunguza nguvu ya upepo. Kivuli chepesi juu ya kitalu huiokoa miche michanga. Na nafasi ya kutosha kati ya mimea huuwezesha umande kukauka upesi, ili ukungu unaounguza viazi na nyanya usishike.

Baba Asiimwe amekwisha kurudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza alikwenda bandani kabla ya kunywa chai, akakisoma kipimajoto, akazikunja pande mwenyewe. Kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine lililofungwa. Nikamjibu kwamba hakuna, na safari hiyo ilikuwa kweli.