Grisi ya Liemba

Kila nirudipo Wampembe kwa likizo wazee huniuliza: "Wewe mwana, huko Dar es Salaam unafanya kazi gani hasa?" Nikijibu kwamba mimi ni fundi wa programu za kompyuta, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha mmoja wao huniletea redio yake mbovu. Redio siiwezi. Basi leo nataka nikueleze kazi yenyewe ilivyo, maana si ngeni sana kwa watu wa ziwani.

Programu ni maagizo yaliyoandikwa moja baada ya jingine, ambayo kompyuta huyafuata bila kuuliza neno. Mfano wake ni mtoto mtiifu kupita kiasi, uliyemtuma kujaza mtungi. Usipomwambia aufunue kwanza, atamimina maji juu ya kifuniko mpaka ndoo iishe, na tena atakuja kukuambia kazi imekwisha.

Kampuni ninayoitumikia ni kongwe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku ile ilipolegea, kampuni yetu nayo ikanunua yake, na vijana wa siku zile wakaiandikia programu kwa lugha iitwayo COBOL, iliyobuniwa Marekani mwaka 1959. Vijana wale leo ni wastaafu. Mashine zimebadilishwa mara nyingi, lakini maagizo yao ni yale yale, yameshonewa viraka juu ya viraka, nayo kila usiku hupiga hesabu ya malipo ya watu. Wenzangu niliosoma nao hutengeneza vitu vipya vya kwenye simu. Mimi huniita mlinzi wa makaburi.

Mwaka 2019 nilifanya kosa. Nilikuta mahali mistari tisa ambayo kazi yake ilikuwa kuongeza sifuri mbele ya namba fupi. Nikatazama namba za wateja kama mia hivi, zote ndefu. Nikasema moyoni, takataka hizi za nini? Nikaifuta mistari ile. Kumbe namba fupi walibaki nazo wale wa kwanza kabisa, yaani wazee! Mwisho wa mwezi malipo yao hayakutoka. Wala hakuna kengele iliyolia. Kompyuta haikuwaona, basi. Siku ya nne akaja bibi mmoja na mjukuu wake, wametoka mkoani kwa basi, kitabu chake amekifunga katika pindo la kanga. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, katika vitabu vyenu mimi nimekwisha kufa?" Nilikosa la kujibu.

Jioni ile nikaenda Mbagala kumtafuta mzee aliyeandika programu ile. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaniitikia na kunipa kigoda. Nilipomweleza akacheka sana, kisha akanyamaza kitambo. Nikamwuliza kwa nini hakuacha hata neno moja la maelezo. Maana ndani ya programu mtu aweza kuandika maneno ambayo kompyuta huyaruka, ya kusomwa na binadamu tu. Akajibu, "Nilidhani nitakuwapo."

Narudi kwangu usiku nikaikumbuka Liemba. Tulipokuwa watoto, ilipopiga honi usiku tuliamka wote tukakimbilia ufukoni. Ilisimama mbali majini, na mitumbwi ikaenda kushusha abiria na kupakia magunia ya dagaa, kelele tupu, kila mtu akimwita mwenziwe gizani. Wewe wa Kasanga au Kipili unajua ninachosema. Meli ile iliundwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku yapata 5,000, na mwaka 1915 ikateremshwa majini huko Kigoma. Julai 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Lakini mafundi walioamriwa kuizamisha kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walizikuta bado nzima, na mwaka 1927 meli ikaanza safari tena. Labda mafundi wale walitumaini kurudi wenyewe. Hawakurudi, na aliyenufaika na grisi yao ni yule yule adui waliyemkimbia.

Mistari ile tisa niliirudisha, na wazee wakalipwa, pamoja na yule bibi. Tangu hapo, kila mstari ninaougusa nauandikia maelezo: kwa nini upo, na nani atalia ukiondolewa. Mengine ambayo hayana mahali ndani ya programu nayaandika katika daftari. Kijana tuliyemwajiri mwaka huu hunicheka, ati naandika kama mtu anayeacha wosia.

Hakukosea sana. Kampuni moja changa imeniita kwa mshahara mara mbili, na nyumba ya mama hapa Wampembe inadai bati. Nimewaomba wanisubiri mpaka Desemba. Daftari limefika ukurasa wa 41, na habari za malipo ya wajane bado sijazigusa. Kila Jumamosi napanda basi la Mbagala na kalamu yangu, maana mzee yule bado anakumbuka.