Mbuzi Mpya kutoka Mbande

Mbuzi ya mama ilipasuka ubao wa kukalia siku ya Jumanne, na mama hakutaka kusikia habari za blenda. Kwake yeye nazi ikunwe, isisagwe. "Nenda Mbande kwa yule mzee," akaniambia. "Kama yu hai, bado anachonga."

Jumamosi asubuhi nikatoka Mikocheni, nikapanda daladala Mwenge. Wachongaji wa pale walikuwa wanafungua vibanda, wanapanga vinyago vya mpingo. Nawaheshimu sana, lakini kinyago mgeni hukinunua akakiweke juu ya kabati. Mimi nilikuwa naenda kwa fundi ambaye kazi yake hupimwa mezani, watu wakishanawa mikono.

Ubungo, Buguruni, Tazara, kisha Barabara ya Kilwa: Mtoni kwa Azizi Ali, Mtongani, Kizuiani, hadi Rangi Tatu. Hapo nikabadilisha gari, tukaupita uwanja wa Azam pale Chamazi. Nilipokuwa mdogo nililetwa huku na bibi, na ninachokumbuka ni mikorosho na minazi tu. Sasa ni mabati na matofali njia nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, na lazima walale mahali.

Lakini tusiwatupie wajenzi lawama zote. Minazi ya pwani ya bara imeliwa pia na ugonjwa wa kunyong'onyea. Nazi changa hudondoka, makuti hugeuka manjano, kisha kilele chote huanguka na mti hubaki umesimama kama nguzo ya simu. Kule kwetu Mikocheni watafiti wanahangaika nao tangu mwisho wa miaka ya 1970, ulipoanzishwa mpango wa taifa wa kuendeleza minazi. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Nilihesabu nguzo nne za namna hiyo kabla bodaboda haijanishusha.

Mzee alikuwa chini ya mwembe, miguu yake imefunikwa na maranda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta mgonjwa?"

Akaipokea mbuzi ya mama, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya chuma. Hakuuliza ni ya nani wala ina miaka mingapi. Aliuliza, "Mwenyewe anapika nini zaidi?" Nikamwambia kisamvu, na samaki wa nazi siku za Ijumaa. Akatikisa kichwa, kama daktari aliyekwisha kuelewa, akasema ubao umekufa na chuma kimechoka. Tuanze upya.

Ubao alikuwa nao tayari, wa mfenesi, ameukausha kivulini. Vipande viwili vinapishana katikati na kukunjika, bila msumari hata mmoja. Msumari ukishika kutu, alisema, kutu inakwenda sufuriani. Kwa miko ana sharti jingine: hachongi mwiko wa mwarobaini hata umlipe mara mbili, maana uchungu wa mti utaukuta kwenye uji wa mtoto.

Chuma ndicho kilichomchukua muda. Alikuwa na kipande cha springi ya gari kilichokwisha kufuliwa bapa. Akakibana kwa unyayo juu ya gogo, akaanza kukata meno kwa tupa, moja moja, akipuliza vumbi kila mara. Jino kubwa, alinieleza, linachota mapande. Mapande hayatoi tui, yote yanaishia kuwa chicha. Jino kali kupita kiasi linashuka mpaka ile ngozi ya kahawia, na tui linaingia weusi. Akagonga nazi kwa mgongo wa panga huku akiizungusha kiganjani, ikafunguka sawasawa katikati. Akaketi, akakuna mikuno mitatu, akatia chembe mdomoni, akafumba macho. Akarudi kwenye tupa. Alifanya hivyo mara tatu, na kila mara aliifumbia macho ile chembe kama hajapata kuonja nazi.

"Watoto wa siku hizi wanajua dafu na nazi," alisema. "Ukimwambia kidaka, kitale, anashangaa. Koroma analikuna akitafuta tui, halafu anamlaumu fundi."

Ile nazi ya majaribio haikutupwa. Bibi wa nyumba aliichukua, akaikuna yote kwa mbuzi yetu mpya, akakamua kwa kifumbu cha ukindu. Tui zito akaliweka kando. Kisamvu kilikuwa kimetwangwa na kuchemka tangu asubuhi. Akakipikia tui la pili, na lile zito akalitia mwishoni, akikoroga taratibu lisikatike. Tukala na ugali wa muhogo, mikono mitatu katika sinia moja. Mzee hakusema neno mpaka alipomaliza. Kisha akapangusa sinia kwa kidole na kumwambia mkewe, "Meno yamekaa." Bibi akasema, "Yamekaa."

Nililipa bila kuomba punguzo. Nilipokuwa naifunga mbuzi kwenye kanga, mzee akaniita tena.

"Mwambie mama yako, kifuu cha nazi ya kwanza asikitupe. Niletee, nikitie mpini awe na upawa wa kuchotea mchuzi."

Kifuu kimekauka sasa, kiko dirishani. Jumamosi ijayo naondoka na gari la kwanza.